Anayekua ni Mchezaji: Mvuto wa Gemu Katili za Njozi za Giza

Mwaka 1985 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa gemu ya mashine za sarafu iitwayo Makaimura, ambayo nje ya Japani ilijulikana kwa jina la Ghosts 'n Goblins. Shujaa wake, Arthur, anaingia makaburini kumfuata binti mfalme aliyetekwa na mapepo. Akiguswa mara moja, deraya yake inapasuka na anabaki na chupi. Akiguswa tena, anakuwa rundo la mifupa. Mazombi wanaibuka ardhini karibu kabisa na miguu yake, na huku saa inahesabu kurudi nyuma. Mchezaji aliyejikaza akamaliza hatua zote anaambiwa kwamba ushindi wake ulikuwa kiini macho cha Shetani. Anarudishwa makaburini aanze tangu mwanzo, safari hii mambo yakiwa magumu zaidi. Mwisho wa kweli hupatikana katika mzunguko wa pili tu.

Bidhaa inayomtendea mteja hivyo ilistahili kukosa wateja. Lakini Makaimura ilifuatwa na nyingine mwaka 1988, na nyingine tena mwaka 1991. Mwaka 2021 Tokuro Fujiwara, aliyebuni ile ya kwanza, alirudi kuongoza toleo jipya, Ghosts 'n Goblins Resurrection. Katikati hapo umezaliwa ukoo mzima: Castlevania ya Konami mwaka 1986, Salt and Sanctuary mwaka 2016, Hollow Knight mwaka 2017, Dead Cells mwaka 2018, Blasphemous mwaka 2019. Zote zinatazamwa kwa ubavu. Mhusika anakimbia, anaruka mashimo na miiba, anapigana na viumbe vya kutisha katika dunia iliyooza, na anakufa. Hollow Knight, kazi ya kundi dogo la Team Cherry la Adelaide, Australia, ilikuwa imeuza nakala zipatazo milioni 15 kufikia mwaka 2025. Mwendelezo wake, Silksong, ulipotoka tarehe 4 Septemba 2025, maduka kadhaa ya gemu mtandaoni yalielemewa na wanunuzi hata yakakwama, na kwenye duka la Steam peke yake zaidi ya watu 500,000 waliicheza kwa wakati mmoja. Aliyekuwa amecheza ile ya kwanza alijua vizuri kinachomsubiri.

Maelezo yanayotolewa haraka ni mawili: kwamba watu hawa wanapenda kuteseka, au kwamba wanatafuta sifa. Yote mawili hayanitoshi. Anayependa mateso angeridhika na gemu mbovu, yenye vitufe visivyoitika na mabosi, yaani maadui wakubwa, waliowekwa ovyo, na gemu za namna hiyo zipo tele wala hazina wapenzi. Kuhusu sifa, ni kweli picha ya skrini hutumwa kwa marafiki bosi anapoanguka. Lakini saa zilizotangulia picha ile zilipita chumbani, mtu yuko peke yake na pedi yake, hakuna wa kumpigia makofi. Kinachomrudisha kwenye kiti kile baada ya kufa kwa mara nyingine ndicho kinachotakiwa kuelezwa.

Tuanze na pesa, maana ugumu wenyewe ulizaliwa na biashara. Mashine ya mwaka 1985 ilikula sarafu, yen 100 kule Japani, robo dola kule Marekani. Mteja aliyesimama mbele ya mashine nusu saa kwa sarafu moja alikuwa hasara kwa mwenye duka, na kifo cha haraka kilileta sarafu nyingine. Gemu zilipohamia nyumbani sarafu ziliondoka, ikaja sababu ya pili: nafasi ya kuhifadhi gemu ilikuwa finyu mno. Castlevania ya kwanza ina hatua 18 tu. Anayeijua anaweza kuimaliza kabla ya saa kwisha. Bila ukali wake, mnunuzi angeimaliza usiku wa siku aliyoinunua, akabaki akijiuliza pesa zake zimekwenda wapi.

Katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi, ambako watu hulipia mechi au muda, hesabu hiyo ya zamani bado ipo, ila imeangukia mpira. Mechi ya mpira ina mwanzo, ina mwisho, na ina mpinzani aliyekaa ubavuni wa kumtania. Gemu inayomtaka mtu mmoja ang'ang'ane na bosi mmoja jioni nzima, wenzake wakisubiri zamu, haina nafasi pale. Ndiyo maana wapenzi wa gemu hizi huku kwetu ni watu wa nyumbani, wenye kompyuta yao au mashine yao ya Switch, na wengi hawajuani.

Basi kama chanzo kilikuwa sarafu na uhaba wa nafasi, na vyote viwili vimekwisha, mbona ugumu haujaondoka?

Nadhani jibu limo ndani ya mruko wa Arthur. Katika Super Mario Bros., nayo ya mwaka huohuo wa 1985, Mario akiwa hewani unaweza kumvuta nyuma kidogo, kumsogeza, kuokoa kosa. Arthur hana nafasi hiyo. Ukishabonyeza kitufe, atafuata upinde wake mpaka atue, hata kama pale anapotua ameshatokea zombi ambaye hakuwepo ulipokuwa unaamua. Uamuzi wote unafanyika miguu ikiwa chini. Mgeni anaruka, kisha anatazama. Akishakufa vya kutosha anaanza kutazama kwanza: zombi anaibuka wapi, anatembea kwa kasi gani, atakuwa wapi nitakapotua. Hakuna maandishi yanayomfundisha hayo. Mruko mgumu ndio unaomlazimisha.

Kisha anakutana na Red Arremer. Ni pepo mwekundu mwenye mabawa, ametulia chini kwenye hatua ya kwanza kama hana habari na mtu. Ukimkaribia au ukimrushia mkuki, anapaa. Mkuki wa pili anaukwepa, na wa tatu vilevile. Anaelea juu, anashuka kwa kasi akikata upinde, anapanda tena. Wengi wa kizazi kile waliishia kwake na kuondoka wakiapa kwamba hapigiki. Lakini mwendo wake una mpangilio. Anayeacha kumimina mikuki ovyo na kumsubiri anagundua kwamba pepo yule akishuka mpaka usawa wa kifua cha Arthur, upo muda mfupi ambapo hana pa kukimbilia. Siku mchezaji anapoliona hilo, gemu nzima inabadilika, ingawa ndani ya mashine hakuna kilichobadilika. Arthur hajaongezewa nguvu. Arthur wa hatua ya mwisho hamzidi chochote yule wa makaburini.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa na gemu nyingi za siku hizi, ambamo mhusika hupanda ngazi, upanga wake unaongezwa namba, na adui aliyekuwa tishio jana leo anaanguka kwa pigo moja. Huko anayekua ni mhusika, na mchezaji anaweza kubaki vilevile tangu mwanzo hadi mwisho. Katika Makaimura anayekua ni mchezaji. Alichokipata kimekaa machoni na vidoleni mwake, kama mpiga gitaa aliyerudia kipande kimoja mpaka vidole vikaanza kukitangulia kichwa. Ukifuta gemu na kuianza upya baada ya mwaka, utakuta sehemu kubwa ya ujuzi ule ungalipo. Ni ukuaji unaothibitika, na watu wazima hawapati ukuaji wa namna hiyo mara kwa mara. Kazini mtu anaweza kujitahidi mwaka mzima asijue kama ameongeza ujuzi au amezeeka tu. Hapa anajua: jana alikufa kwenye ngazi ya pili, leo amefika mlangoni.

Jesper Juul, mtafiti wa gemu kutoka Denmark, alichapisha mwaka 2013 kitabu kizima juu ya kitendawili hiki, The Art of Failure. Watu hukwepa kushindwa, gemu huwafanya washindwe, na bado watu huzitafuta gemu. Anaonyesha kwamba gemu inakuachia upungufu ambao hukuwa nao kabla ya kuianza, na palepale inakuahidi kwamba unaweza kuurekebisha mwenyewe. Naikubali hoja hiyo, lakini naona ahadi ile inasimama juu ya sharti moja zito, nalo ni uaminifu wa sheria. Nikifa kwa kosa langu, kesho naweza kutokufa. Nikifa kwa sababu mashine imegeuza kanuni, sina la kujifunza, na hasira yangu ni ya haki.

Mfano mzuri ni ule ushoroba wa Castlevania unaoelekea kwa Mauti, bosi mwenye mundu. Mashujaa wawili wa chuma wenye mashoka wanakuzuia, mmoja baada ya mwingine, wakirusha mashoka yao mara juu, mara chini, na huku vichwa vya Medusa vinaruka kupita skrini vikipanda na kushuka kama wimbi. Simon Belmont, shujaa wa gemu hiyo, akiguswa anatupwa nyuma, na mruko wake ni mgumu kama wa Arthur. Ushoroba huu umewatoa machozi watu wengi. Hata hivyo ukiutenganisha vipande, kila kimoja kinasomeka. Kichwa cha Medusa hakibadili wimbi lake. Shoka la juu unalipita kwa kuchutama, la chini kwa kuruka. Kinachotisha ni kulazimika kusoma mambo matatu kwa pamoja huku ukitembea mbele, na hilo linafundishika. Nimewaona watu wakipita pale bila kuguswa, na ukiwatazama mikono yao haina haraka yoyote.

Waundaji wazuri wa leo wamekwenda mbali zaidi: nyuma ya ukali wanaficha upole. Gemu nyingi huchorwa fremu 60 kwa sekunde, na katika baadhi ya gemu hizi mhusika aliyekwisha kukanyaga hewa bado anaruhusiwa kuruka kwa fremu chache, kwa sababu mchezaji aliamini angali ukingoni. Ukibonyeza kitufe mapema kidogo kabla ya kutua, amri inakumbukwa. Waundaji wa Celeste ya mwaka 2018 wameeleza hadharani mengi ya aina hiyo, ingawa gemu yao haina mapepo. Super Meat Boy ya mwaka 2010 nayo ilifundisha kwamba kifo kinavumilika sana kama kurudi kunachukua muda wa kupepesa jicho. Anayesema gemu ngumu hutengenezwa na watu wasiojali hajawahi kuangalia kwa karibu jinsi zinavyoshonwa.

Lakini ugumu ungeweza kuvaa nguo yoyote. Celeste inahusu msichana anayepanda mlima. Mbona ukoo huu umeng'ang'ania makaburi, mapepo na falme zilizooza? Nadhani giza na ugumu vinahitajiana kuliko watu wanavyodhani. Ukimwambia mchezaji kwamba dunia hii imelaaniwa, kisha ukamwacha apite akifyeka kushoto na kulia bila jasho, laana hiyo inabaki pazia la ukutani. Anapokufa kwenye geti la kwanza, anaamini alichoambiwa. Na ukimuua mara kwa mara katika bustani yenye jua na maua, kifo kinakuwa usumbufu tu. Katika ufalme uliojaa maiti za waliojaribu kabla yake, kifo chake kina maana tangu mwanzo. Yeye ni mmoja wao, ila anainuka.

Blasphemous imelifanya hili kwa ujasiri kuliko zote. Iliundwa na The Game Kitchen, kampuni ya Sevilla, Hispania, mji ambao Juma Kuu huadhimishwa kwa maandamano ya watu waliofunika nyuso kwa kofia ndefu zilizochongoka. Shujaa wao, Mwenye Kutubu, amevaa kofia ya chuma yenye umbo hilohilo. Upanga wake unaitwa Mea Culpa. Akimuua bosi wa kwanza, anajaza kofia ile damu ya bosi na kuivaa. Akifa, anaacha pale alipoangukia kipande cha hatia, na kila hatia inayolimbikizwa inapunguza nguvu anazotumia kwa sala zake za vita, mpaka airudie mahali alipoangukia au aende kulipa mbele ya sanamu ya maungamo. Yaani hata adhabu ya kushindwa imechukuliwa kutoka kwenye imani ya mahali gemu ilipotoka. Hapo huwezi kusema hii ni hadithi na ule ni ugumu. Mchezaji anatubu kwa vidole.

Hollow Knight ni tulivu zaidi, nami naipenda kuliko nyingine zote. Ufalme wake, Hallownest, ni wa wadudu, na umekwisha kufa tunapofika. Hakuna anayetusimulia kilichotokea. Tunakiokota kwenye mawe yaliyoandikwa, kwenye mabaki, kwenye maneno machache ya wasafiri. Ukifa, kivuli chako kinabaki pale ulipoanguka kikishika fedha zako, na lazima urudi upigane nacho. Ukifa tena njiani, zimekwenda. Bosi wa mwanzo kabisa anaonekana jitu lenye deraya na rungu, lakini likianguka na chuma kufunguka, ndani yake anaonekana funza mdogo mlaini. Unaendelea kumpiga, kwa kuwa ndiyo njia, na ushindi wako wa kwanza mkubwa unakuja na huruma ambayo hukuitarajia.

Kuna jambo dogo katika gemu hii ambalo mimi naliona ndilo ufunguo wake. Ili upone, unashikilia kitufe na kusimama tuli kwa muda wa kama sekunde moja, adui akiwa mbele yako. Nguvu ya kupona haiokotwi sakafuni: unaipata kwa kumpiga adui. Kila pigo la msumari, silaha yako, linaleta 11 za nguvu hiyo, na kupona mara moja kunagharimu 33, maana yake mapigo matatu. Mwoga anayekimbia pembeni akisubiri usalama hapati kitu. Ukitaka kupona, usogee karibu. Ukishasogea, umsome adui vizuri kiasi cha kujua ni lini atakuachia sekunde ile moja ya kusimama. Hornet, anayekukabili mapema katika eneo la Greenpath, hupiga kelele kabla ya kujirusha. Mwanzoni unasikia kelele tu. Baadaye sauti ile inakuwa taarifa, na mkono wako unaitika kabla hujafikiri.

Hornet huyohuyo ndiye mhusika mkuu wa Silksong, na hapo ndipo mjadala ulipowaka. Anaanza na uhai wa vinyago vitano, na maadui wengi huondoa viwili kwa pigo moja, hivyo makosa matatu yanatosha kumuua. Kuna bosi, Last Judge, ambaye baada ya kushindwa analipuka, na aliyesimama karibu akishangilia anakufa naye. Kuna benchi, kiti cha kupumzikia ambacho mchezaji amefundishwa kukiamini tangu gemu ya kwanza, ambalo limetegwa. Ndani ya siku chache wachezaji waligawanyika: wengine wakisema Team Cherry wamevuka mpaka, wengine wakiwaambia wajifunze au waache. Marekebisho ya kwanza ya gemu yalipunguza kidogo ukali wa mabosi wawili wa mwanzo.

Mimi mlipuko wa Last Judge nauona halali. Jitu lile linapigana kwa moto, na anayekufa mara moja kwa kulisogelea hatakufa tena kwa njia hiyo. Benchi nalikubali pia, kwa sababu baada ya hapo unaanza kukikagua kila chumba kabla ya kukaa. Ninacholalamikia ni njia ndefu ya kurudi. Kila ukifa kwa Last Judge unavuka tena njia yenye mashimo na maadui kabla ya kumfikia, njia ambayo umeshaijua na haikufundishi lolote jipya. Hapo ugumu umegeuka kodi ya muda. Nimewasikia wanaoitetea wakisema inakupa nafasi ya kutulia na kufikiri. Labda mara ya kwanza na ya pili. Baada ya hapo inakuchosha tu, na unafika mbele ya bosi vidole vimeshapoteza kile kilichokuwa kimeanza kukaa.

Waundaji wa Blasphemous wanaonekana kuwa wameliona tatizo la aina hiyo. Katika ya kwanza, kudondoka kwenye miiba kulikuwa kifo papo hapo. Katika Blasphemous 2 ya mwaka 2023, miiba inakupunguzia uhai na kukurudisha ukingoni ujaribu tena. Sijaona kilichopotea. Mabosi wangali wakali, dunia ingali ya kutisha, na mruko ule uliokushinda bado unatakiwa uuweze.

Limebaki swali la nani anafungiwa nje. Wapo watu ambao vidole vyao haviendi kwa kasi hiyo, kwa ugonjwa, kwa ulemavu au kwa umri, na wapo wenye saa moja tu ya mapumziko watoto wakishalala. Wengi wa watetezi wa ugumu huwajibu watu hawa kwa dharau, na dharau hiyo inanikera, kwa sababu inachanganya mambo mawili. Ninachokithamini ni ule mpito wa kutoka kutoona hadi kuona. Mpito huo hauko kwenye kasi moja kwa watu wote. Celeste ilimruhusu mchezaji kupunguza mwendo wa gemu au kuongeza idadi ya mara za kuchomoka hewani, na wanaotaka ukali kamili hawakunyang'anywa kitu. Hata ukoo wa Makaimura wenyewe umekubali. Resurrection ya mwaka 2021 ina viwango vinne vya ugumu, na katika kile chepesi kuliko vyote Arthur akifa anafufuka palepale alipoangukia. Ina pia kifaa cha kupunguza mwendo, ili mtu asiyeweza kumsoma Red Arremer kwa kasi ya kawaida amsome taratibu. Pepo ni yuleyule, anakwepa mikuki vilevile, na mruko wa Arthur bado haurekebishiki hewani.